Maji Kwenye Kona ya Chai

Vijana wa mafagio na bendera, salamu. Chebet, msimamizi wenu, amenitaka niwaandikie maneno mawili matatu kuhusu kazi, ati kwa kuwa mimi ndiye mkongwe aliyebaki mjini katika sisi tuliouona uwanja huu wa mbio za magari ukiwa mchanga mtupu. Nilimwambia sina maneno. Si kweli, ninayo, ila nilikuwa sitaki kuyatoa. Halafu wiki iliyopita nikaja kuwatembelea, mkanipa chai ya maziwa na kiti cha plastiki. Nimekaa zangu pale nje ya kibanda cha mafagio, nikamsikia mmoja wenu, yule Mganda mrefu, akimwambia mwenzake aliyeshika ndoo: "Wewe, usifanye Gulzar."

Mkacheka nyote. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamuuliza Chebet maana yake nini, nikijifanya sijui. Akaniambia, "Mzee, hiyo ni lugha yetu tu ya kazi. Mtu akimwaga maji kwa lami, tunasema amefanya Gulzar. Kulikuwa na Mpakistani fulani hapa zamani, mzembe sana, alimwaga maji mtu akaanguka." Alisema hayo huku ananiongezea chai, wala hakujua ananichoma. Chai yenyewe sikuimaliza.

Basi nisikilizeni. Gulzar hakumwaga hata tone. Alikuwa msimamizi wetu wa mafagio, Mpathani wa milimani, na ndiye aliyeileta hiyo sheria mnayoisoma ukutani, kwamba fagio na maji havikutani. Jina lake limekaa midomoni mwenu mahali pa jina la mtu mwingine. Huyo mwingine nitamtaja, lakini niacheni nifike kwa mwendo wangu. Nina miaka mingi nalikwepa jambo hili, leo siwezi kuliendea mbio.

Mimi nilikuja Dubai kama walivyokuja wengi wa Unguja, kwa jamaa. Ami yangu alikuwa kashalowea huku zamani, akanitafutia kafeel wa kunidhamini viza, nikawa napakia mizigo bandarini Hamriya. Friji, magodoro, mabati, vyote vya kwenda kwetu. Nikapakia mpaka mgongo ukaniambia khalas. Rafiki yangu mmoja akanieleza kwamba kuna kazi huko jangwani, wanajenga barabara. Nikamuuliza barabara inakwenda wapi. Akasema haiendi popote, inazunguka inarudi ilikoanzia. Nikamwambia wewe umeshaota jua sana.

Kumbe kweli. Tulipofika palikuwa hapana kitu. Hayo majumba mnayoyaona, hiyo mikahawa mnamokunywa kahawa ya bei ya kuku, hapakuwa na hata jiwe lake. Palikuwa na vijiti vya wapima ardhi vilivyofungwa vitambaa vyekundu, upepo, na ngamia wa watu. Kazi ya kwanza ilikuwa kumwaga udongo na kuushindilia, ukimaliza unamwaga mwingine. Miezi ile tulikula mchanga zaidi ya wali. Ikaja lami ya chini, ikaja ya kati, na mwisho ile ya juu, ambayo si lami mliyoizoea barabarani. Kokoto zake zilichaguliwa, ngumu, zimeachiwa vitundu vidogo vidogo ambavyo tairi linakwenda kung'ata. Mtu asiyejua anaona weusi tu.

Gulzar alijua. Alitufundisha kwa kiganja. Alikuwa anapiga magoti, anaweka kiganja chini, anakisukuma mbele taratibu kama anayemfuta mtoto uso. Kiganja kikiteleza, pana vumbi. Kikikwama, anasema lami iko hai. Siku hizi mna mashine ya kupima mshiko wa lami, ina kioo, inatoa namba, na mhandisi anaitazama namba anaridhika. Mimi sibishani na mashine. Ila nimewahi kuiona ikisema sawa mahali ambapo kiganja changu kilisema si sawa, na mchana gari mbili zikaingia mchangani mahali hapo hapo.

Nisije nikawafanya mdhani siku zile zilikuwa za huzuni tu. Tulicheka pia. Siku moja tumemaliza kumwaga lami ya juu kwenye ile kona ndefu ya nyuma, ingali ya vuguvugu, tukaenda kula. Tunarudi tunamkuta ngamia kalala juu yake, anatafuna, raha mustarehe. Mkubwa wetu, Mzungu mmoja tuliyemwita sir kwa kuwa kila mtu ni sir, akashika kichwa. Hakuna aliyethubutu kumsogelea. Gulzar akamwendea, akamnong'oneza kitu cha Kipathani sikioni, ngamia akanyanyuka. Manyoya yakabaki kwenye lami. Ikabidi ibanduliwe imwagwe upya, na kona tukaiita Kona ya Ngamia. Nyinyi mnaiita kwa namba, haya, lakini sasa mnajua.

Kona zote tulizipa majina yetu. Ile iliyo karibu na kibanda ndiyo Kona ya Chai, kwa sababu tulikuwa tunachemshia chai pale, nyuma ya ukuta wa matairi. Ni kona ya taabu. Inaingia kulia kwa kasi, halafu inashuka kidogo ambapo macho hayaoni kwamba inashuka. Anayeijua anaiheshimu. Asiyeijua inamfunza.

Sasa adabu ya fagio, kwa sababu ndiyo mliyonitakia. Upepo uwe mgongoni kwako siku zote. Fagio lisukumwe, lisinyanyuliwe, maana ukilinyanyua unamrushia vumbi mwenzako aliyekutangulia. Anzeni ndani ya kona mtoke nje. Uchafu ukibaki nje utamkuta mtu ambaye kashakosea, ukibaki ndani unamkosesha aliye sawa. Mafuta yakimwagika, tieni unga wa kunyonya, subirini, sugueni, fagieni, halafu rudieni tena hata kama mnaona pameshakauka. Mkipaka kingo rangi nyekundu na nyeupe, changanyeni rangi na mchanga laini kidogo, la sivyo siku ya mvua mtakuwa mmepaka sabuni. Na ukisimama nyuma ya ukuta wa matairi na bendera yako, usiyape magari mgongo. Nimemwona mtu kayapa mgongo ajibu simu. Yuko hai, alhamdulillahi, lakini simu hatukuiona tena.

Na maji hapana. Hilo Gulzar alikuwa analisema kwa Kihindi chake cha Kipathani, kila asubuhi, kabla hata ya salamu kutulia: "Pani nahi." Vumbi la hapa ni laini, si kama mchanga wa pwani. Ukilitia maji kidogo halitoki, linakuwa uji. Fagio linausukumia uji ndani ya vile vitundu vya lami, jua linaupiga, unakauka, na ile lami iliyokuwa inang'ata inabaki bila meno. Kwa macho inapendeza, nyeusi, inang'aa. Kama lazima maji, basi liletwe boza zima na pampu ya nguvu, paoshwe hasa. Ndoo na fagio ni balaa. Hayo nilifundishwa mara mia, tena nikiwa nayaitikia.

Lakini mimi ni mtoto wa Makunduchi. Kwetu uwanja haufagiwi mkavu. Mama yangu asubuhi alikuwa anashika kata ya maji, anarashia uwanja kwa vidole, ardhi inatulia, ndipo anafagia. Mwanamke akifagia mkavu vumbi likaingia kwa jirani, jirani atasema huyu hakufunzwa kwao. Mimi nililelewa na harufu ile ya udongo uliorashiwa maji. Wengi wenu pia, najua. Ndiyo maana yule kijana alikuwa kashika ndoo.

Haya, nimefika.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo wa shamali umevuma usiku kucha. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutazama maonyesho ya pikipiki. Gulzar aliamka na homa, anatetemeka, kajifunika blanketi ndani ya kibanda. Akanigawia mimi watu wawili na ile Kona ya Chai, kwa kuwa aliniamini kuliko wengine. Wale wawili nikawapeleka mbele, nikabaki peke yangu kwenye kona. Nikaanza kufagia mkavu, kama nilivyofunzwa. Upepo ulikuwa unageukageuka, vumbi likapanda juu likaenda kutua kwenye viti vya wageni, vimevishwa vitambaa vyeupe. Akaja madam mmoja wa mapokezi, kavaa viatu virefu, anavishika viti anaonyesha vidole. Akasema ikiwa mimi siwezi kufagia bila kuchafua, atatafutwa anayeweza.

Mke wangu, Zuhura, alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Unguja, mja mzito, viza yake imetundikwa kwenye yangu. Nyuma ya kibanda palikuwa na pipa la maji tuliyokuwa tunatawadhia. Nikachota ndoo. Nikarashia kwa kiganja kutoka juu ya kona mpaka chini, vizuri, kama mama. Vumbi likatulia. Nikafagia. Pakawa peusi, panang'aa, nami nikasimama nikapatazama nikajiona fundi. Yule madam alinionyesha dole gumba.

Nikaingia kibandani. Gulzar akaniuliza kwa sauti ya homa, kona ikoje. Nikasema iko sawa. Palikuwa na karatasi ya ukaguzi, na siku zote alikuwa haisaini mpaka aweke kiganja chini mwenyewe. Siku ile alinitazama, akachukua kalamu, akasaini kitandani.

Aliyetoka wa kwanza alikuwa Marwan, mwalimu wa pikipiki, kijana wa Kishami. Mtu wa watu. Alikuwa akipita pale kwetu kunywa chai kabla hajavaa mavazi yake ya ngozi, na sukari yake vijiko vinne. Asubuhi ile pia alikunywa. Akatoka, akazunguka mara ya kwanza polepole, mara ya pili akaja kwa kasi yake. Niliisikia injini kabla ya kumwona. Halafu sikusikia injini, nikasikia chuma kinasuguana na lami, halafu ukuta wa matairi.

Sitawaeleza mguu wake. Alipona, alitembea, lakini kwa fimbo, na pikipiki hakupanda tena maisha yake. Alikuwa na umri kama wenu.

Mchana wakatuita ofisini, mimi na Gulzar na wale wawili. Gulzar kasimama na blanketi lake begani. Sir alikuwa kashakwenda kwenye kona, kakwaruza lami kwa kisu, kaja na ule uji mkavu kwenye karatasi nyeupe. Akauliza nani alitia maji. Wale wawili hawakuwapo, na walisema hivyo. Gulzar akasema si yeye, alikuwa na homa, na watu wake hawatii maji kwa kuwa amewafundisha. Sir akainua karatasi ya ukaguzi, akamuuliza sahihi ni ya nani. Gulzar akasema, "Ni yangu." Halafu sir akanigeukia mimi, akaniita kwa jina, akaniuliza kama nilimwona mtu yeyote na maji.

"No, sir," nikasema. "Sikumwona mtu."

Ni hayo tu. Sikumtaja Gulzar, sikumsingizia, na kwa miaka mingi nilijipoza na hilo. Nilikuwa najiambia sikusema uongo mkubwa, maana mtu hajioni mwenyewe. Tazameni ujinga wa nafsi inapotafuta mlango wa nyuma. Gulzar alinitazama usoni, halafu akatazama chini, kwenye miguu yangu, akakaa anatazama hapo kitambo. Nikadhani ni aibu ya homa. Halafu akavua funguo shingoni akaziweka mezani.

Viza yake ilikatwa. Alisindikizwa kwenda zake na sanduku moja lililofungwa kamba, na hakuna aliyempa mkono, kwa sababu Marwan alikuwa bado hospitali na watu wana hasira. Mimi nilikuwa kwenye fagio. Nilimwona akipita nikainama kufagia mahali palipokuwa pasafi. Baada ya wiki mbili sir akaniita tena, akaniambia katika wote ni mimi ninayejua kazi kama Gulzar. Akanipa zile funguo.

Nikawa msimamizi wa mafagio, na ndivyo nilivyokuwa mpaka nilipostaafu. Mtoto wetu akazaliwa, viza zikaendelea, maisha yakaenda. Zuhura nilimwambia baada ya miaka mitatu. Alikuwa anakunja nguo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kamwambie." Nikamwambia yuko mbali. Akasema, "Basi kamwambie sir." Nikasema tutafukuzwa. Akaendelea kukunja nguo, na tangu siku hiyo hakunisifu tena mbele za watu.

Wahenga wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi, ilikuwa inazunguka. Kila asubuhi naanza Kona ya Chai na jioni namalizia Kona ya Chai.

Na sasa sikilizeni lililo baya zaidi, maana nyinyi mnadhani lile neno mlilirithi kwa Chebet, na Chebet alilirithi kwa waliomtangulia. Lilianza hivi. Miezi michache baada ya Gulzar kuondoka, akaja mgeni mmoja kutoka Tanga, bado hajui kazi, nikamkuta anarashia maji. Nikampokonya ndoo, na maneno yakanitoka kinywani mwangu mwenyewe, mbele ya watu: "Unataka kufanya kama Gulzar?" Watu wakacheka. Lilikuwa neno jepesi, likafaa, likakaa. Mimi ndiye niliyelitunga. Niliposikia wanalirudia sikuwakataza, kwa sababu kila lilipotajwa jina lake, langu lilikuwa linazidi kufunikwa.

Marwan mwenyewe alikuja siku moja na fimbo yake. Akakaa nyuma ya ukuta wa matairi, nikamtilia sukari vijiko vinne. Akasema yule Mpathani Mungu asimsamehe. Aliniangalia kama anayengoja niseme amin. Sikusema amin, na sikusema la pili pia. Nikamwongezea chai.

Uwanja ukakua, mkongwe huyu akazeeka nao. Jukwaa la watu likajengwa, likaja hoteli, zikaja gereji za timu zenye hewa baridi ambazo zamani tulikuwa tunazisikia kwa wenzetu tu. Watalii wakaanza kukodi magari ya mbio wayaendeshe wenyewe, wakilia kwa furaha na wengine kwa hofu. Majumba yakaja mpaka ukutani. Watu wakanunua nyumba kando ya uwanja wa mbio, halafu wakalalamika kuna kelele, kama mtu aliyehamia pembeni ya msikiti akaikataa adhana. Basi saa za kukimbia zikapunguzwa, magari yakapimwa mlio kabla ya kuingia. Bendera nyingi zikabadilishwa kwa taa. Likaja gari la kufagia, linavuta na kupuliza, dereva wake kavaa miwani. Lami ya juu nayo ikabanduliwa ikawekwa nyingine. Siku walipobandua Kona ya Chai nilisimama nikatazama kokoto zile zinapakiwa kwenye lori. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata.

Miaka miwili iliyopita, nikiwa nimeshastaafu na nimekaa kwa mwanangu Discovery Gardens, nikawa na muda mwingi na usingizi kidogo. Nikaenda Naif, kwenye mgahawa mmoja wa Wapathani ambao zamani Gulzar alikuwa anakula Ijumaa. Nikauliza kila aliye na ndevu nyeupe. Ijumaa ya nne nikampata mpwawe, muuza mablanketi. Akaniambia mjomba wake yu hai, mzee sana, hakuwahi kupata kazi ya ughaibuni tena, anachunga mbuzi wa watu. Nikamwambia nilifanya naye kazi. Nikamwomba ampelekee salamu za Mbarouk wa Zanzibar, tu. Salamu tu. Hata pale, nimefika mlangoni, sikubisha hodi.

Wiki iliyofuata mpwa akaniita. Mjomba wake alikuwa amerekodi sauti kwenye simu. Akaiweka. Ilikuwa sauti ile ile, imekauka kidogo. Kijana akanifasiria polepole, huku ananitazama kwa namna nyingine.

"Anasema: mwambie siku ile niliona pindo za suruali yake. Zilikuwa na matope. Anasema: mwambie nilikuwa namngoja aseme mwenyewe."

Mnaelewa? Mtu anayefagia mkavu ana vumbi, na vumbi unalipangusa linatoka. Matope yanaganda. Alipokuwa anatazama miguu yangu mbele ya sir alikuwa anaisoma kama alivyokuwa anaisoma lami. Alijua. Angeweza kunyoosha kidole tu, na ningekuwa mimi mwenye sanduku la kamba. Hakunyoosha. Alinipa nafasi niwe mtu, akangoja, na alikuwa bado anangoja juu huko na mbuzi wa watu.

Nilitakiwa nijibu pale pale. Simu ilikuwa mkononi mwa kijana. Nikasema nitakuja Ijumaa, nipange maneno. Ijumaa ikafika nikasema magoti yananiuma. Ya pili nikasema kuna joto. Ya tatu Zuhura akaniletea viatu, akaviweka mbele yangu, nikavaa nikaenda. Nikamkuta kijana kafunga duka nusu, kakaa na wenzake wawili wanasoma hitima. Akanisogezea nafasi kwenye mkeka, akaniambia tumwombee mjomba. Nikaomba, na maneno yangu niliyoyapanga nikarudi nayo nyumbani.

Marwan nimemwandikia. Sijui kama barua itamfika, alisharudi kwao. Yule sir alistaafu kitambo. Kwa hiyo wa kuambiwa mmebaki nyinyi, ambao hamkumdhuru mtu, mnaosema neno mlilopewa. Sikuandika haya ili mnihurumie. Kama kuna mmoja wenu ana neno limemkaa kooni, alitoe wakati aliye na haki nalo angali hai. Likisemwa baadaye linakuwa hadithi tu, kama hii.

Limebaki jambo moja. Chebet, siku ile uliniambia mnataka kubandika picha yangu ndani ya kibanda, juu ya mafagio, kwa kuwa ndiye niliyewafundisha kufagia. Ulishanunua na fremu, ukanionyesha. Nilinyamaza ukadhani ni haya za uzee. Picha yangu usiibandike. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, ndogo, imefifia. Tupo sita mbele ya gari la kushindilia, siku lami ya juu ilipomalizika. Wa mwisho kushoto, aliyejifunga kilemba mpaka puani kwa ajili ya vumbi, macho tu yanaonekana, kiganja chake kimoja kimekaa juu ya bega langu. Huyo ndiye aliyewafundisha kufagia. Nikateni mimi mbakishe yeye. Kiganja kikibaki na kipande cha bega, si neno.

Na mkimkuta mgeni kashika ndoo, mpokonyeni, msimpigie kelele, pengine naye kamkumbuka mama yake. Mwambieni tu asifanye Mbarouk.